Maneno ya Kuazima

Jumatatu, 7 Aprili

Leo ni siku ya tisa tangu niwe mke wa mtu, na bado naamka nikitabasamu peke yangu kama niliyeokota kitu njiani. Naandika jina lake ukingoni mwa kila karatasi: Kipkirui, Kipkirui. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri anatoka hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret, kwenda Cheptiret, kwenye kituo cha maziwa cha chama cha ushirika. Yeye ndiye mpimaji. Wakulima wanapanga foleni na mikebe yao, yeye ananusa, anapima, halafu anaamua: haya yaingie kwenye tangi kubwa, haya yarudi nyumbani. Saa nane mchana yuko mlangoni, ananukia maziwa na majani mabichi, na sijui marashi ya duka gani yanayoweza kushindana na harufu hiyo.

Hasemi sana. Mimi nasema kwa niaba ya wawili, na kazi hiyo naipenda. Hata siku walipokuja kwetu Ahero kuniposa, aliyesema ni baba yake mkubwa, Mzee Amos wa Ainabkoi, aliyemlea baada ya baba yake kufariki. Mzee alisimama na fimbo yake akasema mpaka baba yangu, mtu ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya ndugu yake, akatafuta kitambaa. Kip alikuwa amekaa kando akiangalia viatu vyake. Nilimpenda kwa namna alivyoviangalia viatu vile.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Viazi. Napenda anavyomenya viazi, ganda linatoka refu bila kukatika.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi. Kip amerudi jioni, si saa nane, akiwa amelowa, na mkononi ana barua iliyolowa pia. Aliniambia neno moja: "Wamemwaga."

Mengine nimeyasoma kwenye barua. Maziwa ya Alhamisi yalipofika kiwandani, walipima tangi wakakuta dawa ya ng'ombe ndani. Mkulima mmoja alileta maziwa ya ng'ombe aliyedungwa sindano, na tone la dawa linatosha kuharibu tangi zima. Kiwanda kimekataa yote. Maziwa ya wakulima mia mbili, ya siku nzima, yamemwagwa kwenye mtaro. Na mpimaji alikuwa mmoja. Kamati ya chama inamtaka ajieleze tarehe 25. Asipojieleza vizuri atafutwa kazi, na jina lake litapelekwa polisi, kwa sababu wengine wanasema alisinzia, lakini wengine wanasema alihongwa.

"Utawaambia nini?" nikamuuliza.

Alikaa kitandani, maji yanatiririka kutoka kwenye nywele.

"Usijali, mpenzi," nikasema. "Nitakusaidia."

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwandikia hotuba. Kurasa tatu. Sijawahi kuandika kitu kizuri hivi tangu insha ya kidato cha nne ambayo mwalimu aliipeleka ofisini kwao wakaisoma wote. Nimeanza na jua la asubuhi, nikaja kwa uaminifu, nikamaliza na ndoa yetu changa. Jana usiku nilipomsomea nililia mwenyewe. Kip alisema, "Ni nzuri."

Linet, jirani yetu, husikia yote; kuta zetu hazina siri. Leo nikianika nguo akaniuliza, "Mama Harusi, lile jua la asubuhi linachomoza lini? Jana nilisinzia kabla halijatoka."

Alhamisi, 24 Aprili

Amesoma mara kumi na moja. Ananong'ona. Mvua ikipiga mabati simsikii kabisa. Mungu wangu, tuhurumie kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeandika tarehe halafu nikakaa nusu saa nikiangalia ukuta.

Niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Waliniruhusu nikae kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, nikasikia kila kitu. Ndani walikuwa saba, mwenyekiti ni mama mmoja anayeitwa Cherono, ana ng'ombe kumi na mbili na sauti isiyopanda wala kushuka. Meneja, Bwana Mbuthia, akasema, "Haya kijana, tunakusikiliza."

Kip akaanza kusoma. "Waheshimiwa wanakamati, ukweli ni kama jua la asubuhi, haliombi ruhusa ya wingu ili lichomoze..." Anasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, kila neno analikanyaga kwanza kuona kama linateleza. Alipofika kwenye ukurasa wa pili, pale pa ndoa yetu kama ua linalochanua kwenye ukungu wa Uasin Gishu, mzee mmoja akauliza, "Samahani. Hii ni barua ya maziwa ama ya mapenzi?"

Walicheka. Si kwa ubaya, ila walicheka. Mimi nje nilitamani ardhi inimeze.

"Nani amekuandikia?" akauliza Mama Cherono.

Karatasi ikachakarika.

"Sijakukasirikia. Weka hiyo karatasi hapa mezani. Ndiyo, hapo. Sasa niambie tu kama unaambia mtu wa kwenu. Hiyo Alhamisi ilienda aje?"

Nilisikia kiti kikilia. Nilisikia Kip akisema, "Mikebe..." Halafu, "Mikebe ilikuja..." Halafu sikusikia kitu. Saa ya ukutani ilikuwa inapiga tik tik, na mimi niliyezoea kumalizia sentensi zake nilikuwa nje ya dirisha, sina ruhusa.

"Huyu anaficha kitu," mtu mmoja akasema.

"Au ni mjinga tu," mwingine akajibu.

Wameamua hivi: Kip asimamishwe kazi. Shauri lake litaletwa mbele ya wanachama wote kwenye mkutano mkuu, Jumamosi tarehe 14 Juni, wao ndio waliomwagiwa maziwa. Wakimkuta na hatia ataondoka na kesi itaenda polisi. Pale hapatasomwa karatasi.

Tulipofika nyumbani Kip akaniambia, bila kuniangalia, "Maneno yako yalikuwa mazuri, Adoyo. Lakini nilikuwa nimeyavaa kama suruali ya mtu mwingine. Nilikuwa naogopa yaanguke."

Ni sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia, na imenikata.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi kubwa. Watu wawili tu walitusalimia kwa mkono.

Jumanne, 29 Aprili

Ninapofanya kazi ni duka dogo la fotokopi na vitabu vikuukuu mjini. Mwenyewe ni Waiyego, mama wa miaka sitini hivi anayesoma siku nzima miguu ikiwa juu ya sanduku la karatasi. Leo aliniona nikitoa fotokopi za cheti kimoja mara kumi na tatu bila kujua.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mume wako anasoma nini?"

"Hasomi, Mama. Ni mtu wa kazi."

"Basi maneno atayatoa wapi? Atayakamua kwa ng'ombe?" Akatoa miguu kwenye sanduku. "Mimi nilipokuja Eldoret nilikuwa nikiulizwa bei ya kitu naangalia chini. Nimekaa hapa miaka kumi na minne, wateja hakuna, nasoma kila kinacholetwa, hata vitabu vya injini. Siku hizi afisa wa leseni akiingia anasimama mlangoni kwanza ajipange."

"Lakini nilimpa karatasi asome, Mama, na ikamshinda."

"Ulimpa ya kusomea watu. Mpe ya kujisomea yeye. Kitabu kimoja, cha pili, cha tatu, maneno yakae tumboni. Na akimaliza ukurasa, afunge kitabu akuambie alichosoma, kwa mdomo wake. Usimsaidie hata neno moja. Wewe hasa usimsaidie."

Alinijazia sanduku: hadithi, kijitabu cha magonjwa ya mifugo, magazeti ya zamani, kingine hakina jalada. "Panya wamekula pembeni tu," akasema, "maana iko katikati."

Alhamisi, 1 Mei

Siku ya kwanza. Alisoma ukurasa mmoja kwa robo saa. Nikamwambia afunge, anisimulie. Akasema, "Kuna mtu. Anaenda mahali." Nikangoja. Ndio hivyo, hakuna zaidi.

Halafu akanieleza kitu ambacho sikukijua. Alipokuwa darasa la sita alisimamishwa asome mbele ya darasa, akatamka neno kwa ulimi wa nyumbani, darasa likacheka, mwalimu akamwambia arudie, wakacheka tena, akarudia mara saba. Tangu siku hiyo akiona watu zaidi ya watatu wanamwangalia, koo linafunga kama mfuniko wa mkebe.

Nilimkumbatia mpaka sufuria ikaungua. Nampenda mno. Na naogopa mno. Zimebaki siku arobaini na nne.

Jumanne, 6 Mei

"Kuna mtu anaenda mahali kutafuta ndugu yake, kwa sababu mama yao ni mgonjwa." Sentensi nzima. Nilimpikia chapati.

Jumapili, 11 Mei

Mvua sasa inaanza saa nane kamili mchana, kama imeajiriwa. Mabati yetu hayana dari, kwa hiyo Kip akitaka nimsikie inabidi apaze sauti. Mwanzoni alikuwa akingoja mvua ipungue. Leo hakungoja. Alikuwa amefika pale mwizi anapojificha kwenye ghala, akawa anapaza, anapaza, nikaona mishipa ya shingo.

Mlango ukagongwa. Linet, na mwiko mkononi.

"Shemeji, pole. Rudia hapo kwa mwizi, nilikuwa nasonga ugali sikusikia kama alipatikana."

Nilidhani Kip ataingia chini ya kitanda. Alimwangalia, akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia pembeni, kama Waiyego alivyosema. Akafunga kitabu, akasema, "Hajapatikana bado. Lakini mwenye ghala amesikia gunia likipumua."

Linet akakaa mlangoni. Maneno hayo ya gunia kupumua niliyatafuta baadaye kitabuni, hayapo hivyo. Kitabuni imeandikwa tu kwamba alisikia pumzi.

Jumatano, 14 Mei

Leo wasikilizaji wanne. Mmoja alileta kiti chake.

Jumatatu, 19 Mei

Tumegombana, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Nilikuwa nikimwelezea Linet jinsi Kip alivyokutana nami dukani. Kip akasema, "Siku hiyo nilikuja kutoa fotokopi ya—"

"Ya kitambulisho," nikasema.

"—ya barua ya kazi, na nilipoona—"

"Aliponiona akaangusha karatasi zote."

"Adoyo," akasema. "Ngoja nimalize."

Hakupaza sauti. Linet akainuka akasema mboga zake zinaungua, na hakuwa na mboga jikoni.

Tukabaki wawili. Kip akaniambia kwamba tangu tuoane hajawahi kumaliza kunieleza jambo. Kwamba sipendi kusikia, napenda kusimuliwa nilichokwisha kujua. Kwamba sukuma wiki hazipendi, na amezila siku hamsini kwa sababu siku ya kwanza nilisema "najua unazipenda" kabla hajajibu.

Nililia kwenye mto. Nilimwomba Mungu ampe mume wangu maneno, na haya ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa. Najiuliza swali baya: kule Ahero nilimpenda nani? Yule aliyekuwa akisema, au yule aliyekuwa kimya?

Jumanne, 20 Mei

Nimepika kabichi. Nimemuuliza kama inampendeza, nikangoja jibu. Akasema ina chumvi kidogo mno. Tukacheka wote wawili.

Jumatatu, 26 Mei

Bwana Mbuthia amepiga simu kusema wanachama wana hasira bado, wengine wameapa hawatakubali hata neno. Siku kumi na tisa.

Jumapili, 1 Juni

Nimeandika sana shajara hii, lakini siku kama ya leo haijawahi kuingia humu.

Hadithi zilikwisha wiki iliyopita, tukaanza kijitabu cha magonjwa ya mifugo. Baada ya kanisa Kip akasoma sura ya ugonjwa wa kiwele: ng'ombe anavimba chuchu, maziwa yanakuwa na mabonge, anadungwa dawa, na maziwa yake hayafai kupelekwa kituoni kwa siku kadhaa. Nikasema, haya, funga, nisimulie.

Akafunga. Akaanza vizuri kabisa. "Ng'ombe akiugua kiwele, maziwa yanabadilika. Ukichanganya maziwa na spiriti kwenye kijiko, yanaganda. Mpimaji anaona mara moja. Anatakiwa aseme rudisha. Foleni inaweza kuwa ndefu, kunanyesha, watu wana haraka. Mwenye mkebe anaweza kuwa amesimama na fimbo, anasema, 'Mwanangu, vipi Adoyo? Mmezoeana?' Na mpimaji anaangalia kijiko, anaona mabonge, anaangalia yule mzee—"

"Kip," nikasema. "Hiyo haiko kwa kitabu."

"Najua."

Mvua ilikuwa imesimama. Nikasikia mtoto wa jirani akihesabu kuruka kamba nje.

Mkebe ulikuwa wa Mzee Amos. Kip aliona. Alijua kabla hajamimina. Lakini huyo ndiye aliyemlea, ndiye aliyesimama kwetu akamsemea maneno ambayo yeye hakuwa nayo. Angewezaje kumwambia mbele ya foleni nzima kwamba maziwa yake ni machafu? "Nilitafuta namna ya kusema bila kumvunjia heshima," akaniambia. "Nilitafuta, Adoyo. Ndani hamkuwa na kitu. Nikamimina."

Siku zote hizi nimekuwa nikimfundisha asiyekosa ajitetee. Na amekosa.

Jumatatu, 2 Juni

Sikuenda kazini.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia amtaje Mzee, basi, yaishe. Akasema hawezi kumtaja mtu aliyemlea kama anayemtaja mwizi. Nikamwambia basi anyamaze. Akasema kunyamaza ndiko kulikomfikisha hapa. Nikamwambia basi tutafanya nini, Kip, tutakula nini, nitamwambia nini baba yangu, mume wangu yuko selo mwezi wa tatu wa ndoa. Akasema hajui bado. Akachukua kitabu akasoma. Nilitaka kukichana.

Jumamosi, 7 Juni

Nimefanya jambo, na nikiliandika hapa ni kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Nilimdanganya Kip kwamba Waiyego ananihitaji, nikaenda Ainabkoi. Mama Jelagat, mke wa Mzee, alinipa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kikombe cha bati, akatoka. Nadhani alijua. Mzee Amos alikuwa amekaa karibu na moto, fimbo kati ya magoti.

"Nilijua utakuja wewe," akasema. "Yeye hawezi."

Hakukataa. Alisema ng'ombe alikuwa amedungwa, akadhani dawa imeshatoka mwilini. Alisema Kip angemwambia arudishe, pengine angerudisha.

"Pengine, Mzee?"

"Mimi ni mzee wa kanisa, mwanangu. Hapa watu wakigombana mpaka wa shamba wananiita mimi. Nikisimama niseme mkebe ulikuwa wangu, ni nani atanisikiliza tena?" Akachokora moto. "Lakini sitamwacha. Nitaenda huo mkutano. Nitamsemea kama nilivyomsemea kwenu. Nitasema kipimo kilikuwa kibovu. Kipimo hakina jina, hakina mke, hakina watoto wa kuaibika. Watanunua kingine na mambo yataisha."

Nilijua ni uongo. Kwa mwezi mzima na zaidi nimekaa na mtu anayejikamua sentensi moja moja, na hapa mzee huyu alikuwa akinimiminia zake laini, zimepangika, na nilizifurahia, Mungu anisamehe. Zilinituliza kama siku ile Ahero.

"Ndiyo, Mzee," nikasema. "Asante. Kip asijue nimekuja."

Ijumaa, 13 Juni

Ameoga mapema. Amenyoosha shati. Nimemuuliza kama amejipanga atakachosema, akasema ndiyo. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Kesho."

Sijala.

Jumamosi, 14 Juni

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, viti vya kanisa vimekodiwa, watu zaidi ya mia moja na hamsini. Akina mama wengi walikuja na mikebe mitupu, moja kwa moja kutoka kituoni. Mama Cherono mezani, Bwana Mbuthia pembeni yake. Mimi nyuma kabisa pamoja na Linet, ambaye alikuja bila kuitwa na kunishika mkono wakati wote.

Kabla Kip hajaitwa, Mzee Amos akanyanyua fimbo akaomba nafasi. Alipewa, ni nani atamnyima. Akaanza. Alisalimia kila kijiji kwa jina lake. Aliwakumbusha kituo kilivyoanza, wakibeba maziwa mgongoni. Akasema vyombo navyo huchoka kama sisi, kwamba kipimo kile ni cha zamani, ni nani ajuaye kilipima nini siku ile. Niliona vichwa vikitikisika kwa kukubali. Nilimwona yule mzee wa barua ya mapenzi akitikisa chake. Hata Bwana Mbuthia alikuwa anaandika. Tulikuwa tunaponyoka. Nilianza kupumua.

Kip akasimama.

"Baba mkubwa," akasema. "Naomba ukae. Nisamehe."

Mzee alibaki amesimama, mkono hewani.

"Kipimo ni kizima," Kip akasema. "Nakiosha mwenyewe kila siku. Siku hiyo nilinusa maziwa ya mtu mmoja, nikayaweka kwa spiriti, yakaganda. Sikusinzia. Niliyaona. Kazi yangu mimi yote ni neno moja: rudisha. Mnaniweka pale kwa ajili ya neno hilo. Na siku hiyo halikutoka."

Mtu akapiga kelele, "Ulihongwa ngapi?"

Nikaona koo lake likifunga. Nililijua koo lile. Alisimama, akafumba macho, akafumbua. Nilikuwa tayari na maneno ishirini mdomoni, na sikuweza kumpa hata moja.

"Sikuhongwa," akasema, na sasa alikuwa anapaza kama anayeshindana na mvua, ingawa hakukuwa na mvua. "Niliogopa. Mwenye mkebe ni mtu ninayemheshimu, na nyinyi mlikuwa mnaangalia, nikaona ni aibu kumrudisha. Nikaokoa aibu ya mtu mmoja, nikamwaga jasho la watu mia mbili. Mama mmoja hapa aliniambia ile ilikuwa karo ya mtoto. Sina cha kumjibu. Nimekuja kusema kosa ni langu, na nimeanza kujifunza kusema nikiwa nimechelewa."

"Taja jina lake," wakasema. "Jina, jina."

"Yuko hapa. Ana mdomo kunishinda mimi. Sitamsemea."

Halafu akanyamaza, lakini si ule unyamavu wa ofisini. Aliangalia mbele akangoja. Wote tukangoja. Mahali fulani mkebe ulianguka ukaviringika, na hakuna aliyeuokota.

Mzee Amos alikuwa bado amesimama. Nilimwona akifungua mdomo kutafuta pa kuanzia, vijiji, wazazi, mito, na hakuna kilichokuja. Mzee aliyemliza baba yangu.

"Ni mkebe wangu," akasema. Akakaa. Mama Jelagat, aliyekuwa upande wa wanawake, alipita kati ya viti vyote vile, akaketi kando yake.

Walijadiliana karibu saa nzima, kwa kelele. Mwishoni waliinua mikono. Polisi, hapana. Kazi, ameipoteza. Maziwa ya Mzee Amos hayatapokelewa msimu wote. Mama Cherono akamwita Kip mezani, nami nikasogea nisikie.

"Kijana, usije ukajidanganya," akamwambia. "Umefutwa kwa sababu hukuongea siku ile. Si kwa sababu umeongea leo. Nafasi yako tutaitangaza mwezi wa tisa. Ukiitaka, kuja kama wengine, uombe."

"Nitakuja," Kip akasema.

Jumapili, 15 Juni

Hatukuenda kanisani. Nilichemsha chai. Kip alikuwa mlangoni akiangalia barabara ya Pioneer, boda zikipita kwenye tope, siku ya kwanza bila kazi na bila barua ya kungoja.

"Jana Mzee alikujaje amejipanga hivyo kunisemea?" akauliza. "Miezi miwili hakunitafuta, wala mimi sikumwambia kitu."

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote matamu. Nilikwisha kuyapanga njiani kutoka Ainabkoi. Nikayaangalia yote kichwani, na nikaona yalivyofanana na yale ya kipimo kibovu.

"Nilikwenda kwake," nikasema. "Jumamosi ile. Sikuwa dukani. Alisema atadanganya kwa ajili yako, na mimi nikamwambia asante."

Ilinichukua muda mrefu kusema hayo, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema. Baadaye nikataka kuendelea, kueleza nilivyoogopa, ninavyompenda, polisi, baba yangu. Nikajizuia. Kip alikuwa kimya, mgongo umenigeukia, na zamani ningeujaza ukimya ule mpaka pomoni. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda, mikono chini ya mapaja ili itulie.

Mvua ilianza. Ikapungua.

"Nimekasirika," akasema hatimaye, akageuka. "Nimekasirika sana, Adoyo, na nataka unisikilize mpaka mwisho."

Akavuta stuli akakaa mbele yangu. Alianza tangu Ahero. Chai ilipoa, ikafanya ngozi juu. Sikumkatiza.